Nuru ipi kwa swali lipi: Raman, infraredi ya mguso, infraredi ya karibu au nuru ya macho katika kupima molekuli za ngozi

Maabara nyingi huanza na bei ya mashine, kisha zikatafuta la kuipimia. Kwa ngozi ni vyema kuanza upande wa pili: molekuli unayoitaka iko mikromita ngapi chini ya uso? Jibu la hapo huondoa nusu ya mashine mezani kabla hujaomba ankara hata moja.

Ulinganisho huu wa njia nne za kupima ngozi kwa nuru umeandikwa kwa anayefanya kazi Dodoma na mikoa ya jirani: mwanafunzi wa uzamili pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), daktari wa ngozi, mkemia anayepima mafuta ya kupaka. Ngozi zitakazopimwa ni nyeusi kwa sehemu kubwa, hewa ni kavu kuanzia Mei hadi Novemba, na vumbi jekundu liko kila mahali. Mambo hayo matatu hayasemwi katika vijitabu vya mashine, na ndiyo huamua kama data itatumika.

Vigezo

Cha kwanza ni kina. Gamba la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa zilizojaa protini ya keratini na kuunganishwa na mafuta ya seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta, lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu kwenye kigasha. Kiganjani na nyayoni ni nene mara nyingi zaidi. Chini yake kuna seli hai. Melanini, rangi ya ngozi, hutengenezwa kwenye sakafu ya seli hizo, ingawa kwa ngozi nyeusi hutawanyika hadi tabaka za juu. Kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, na mishipa ya damu viko chini zaidi.

Cha pili ni molekuli yenyewe: maji, mafuta, protini, damu, au rangi. Cha tatu ni melanini. Wengi huiweka mwishoni kama kasoro ya kusahihishwa kwa hesabu. Kwa watu wetu iwekwe mwanzoni, maana kuna njia ambazo melanini karibu haizigusi na nyingine ambazo huzifunga. Vinavyofuata ni muda ambao mtu lazima atulie, ustahimilivu wa chombo kwa vumbi na umeme unaopandashuka, na uzito wa hesabu baada ya kipimo.

Raman ya konfoka

Inaona nini, kwa kina gani. Leza inalengwa kwenye ngozi na sehemu ndogo mno ya nuru, takriban fotoni moja katika milioni 10, hurudi ikiwa imebadilika nguvu kwa kiasi kinachoitambulisha molekuli. C. V. Raman aliueleza mtawanyiko huu mwaka 1928. Kwa kuwa lenzi inakusanya nuru kutoka nukta moja tu (ndiyo maana ya konfoka), unaweza kushuka hatua kwa hatua, mikromita 2 hivi kila hatua, na kuchora mabadiliko ya maji au mafuta kutoka juu kwenda chini. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoweza hilo bila kuchuna ngozi.

Vilele vya kuvijua kwenye spektra, yaani mchoro wa nuru iliyopimwa (sm⁻¹ ni kipimo cha nguvu ya nuru): 1003 sm⁻¹ ni fenilalanini ya protini, 1065, 1130 na 1296 ni mafuta, 1445 ni CH₂ ya mafuta na protini kwa pamoja, 1655 hivi ni amaidi ya kwanza, kifungo cha protini. Maji hayapo hapo. Yako 3350 hadi 3550, na hupimwa kwa kuyagawanya na protini iliyo 2910 hadi 2965.

Hapo kuna mtego wa ununuzi. Leza ya nanomita 785, inayopendwa kwa mafuta na protini, hutupa ishara ya maji karibu na nanomita 1080, mahali ambapo kihisi cha silikoni kimeshakuwa kipofu. Anayetaka maji anahitaji leza ya pili, kwa kawaida ya 671, ambayo ishara yake ya maji huangukia karibu na 875. Nukuu ya bei ikija na leza moja tu ya 785, huo ni mtambo usiopima maji, hata kama picha ya tangazo ina tone la maji.

Melanini. Hili ndilo eneo gumu la Raman. Melanini hunyonya leza na kutoa mng'ao mpana unaofunika vilele. Nayo yenyewe ina vilima viwili vipana karibu na 1380 na 1580. Kwa ngozi nyeusi sana, spektra ya 785 inaweza kuwa kilima kitupu chenye vijivilele viwili vitatu vya kubahatisha. Kuna njia tatu za kupunguza. Acha leza iangaze mahali pale kwa muda kabla ya kurekodi ili mng'ao ufifie. Pima kiganja au nyayo, penye melanini kidogo, kama swali linaruhusu. Au tumia leza ya 1064, ambapo mng'ao hupungua sana. Gharama yake ni kwamba ishara ya Raman nayo hushuka hadi kama theluthi ya ile ya 785, na kihisi lazima kiwe cha indiamu na galiamu, chenye kelele zaidi.

Usiongeze nguvu ya leza kufidia. Kikomo cha usalama wa ngozi kwa miale ya muda mrefu ni wati 0.3 hivi kwa sentimita ya mraba kwenye 785 na 0.2 kwenye 671. Ukihesabu kwa tundu la kawaida la milimita 3.5, unapata takriban miliwati 28 na 19. Na usidanganyike na wekundu hafifu wa 785: jicho halishtuki, halipepesi, lakini nuru inaingia. Miwani ivaliwe na anayepimwa na anayepima.

Hatua. Washa mtambo mapema ili kihisi kipoe na mtambo utulie. Pima kipande cha silikoni. Kilele chake kikae 520.5 hivi. Mkalishe mtu dakika 20 hadi 30 katika chumba tulivu, kigasha kikiwa wazi. Tafuta uso wa ngozi kwa kupanda na kushuka hadi ishara ya protini iibuke, hapo ndipo sifuri yako. Kisha shuka. Pima angalau nukta kumi. Sentimita moja tu ya ngozi ina mabonde, vinyweleo na jasho.

Kinachoharibika. Mtu akipumua kwa nguvu mkono husogea mikromita kadhaa, na mchoro wa kina huwa hauna maana. Mtambo nao haupendi meza inayotikisika wala umeme unaokatika katikati ya kazi, kwa hiyo stabilaiza na betri ya akiba viingie kwenye bajeti ya kwanza.

Inamfaa nani. Anayehitaji kujua kitu kiko kina gani: krimu imepenya wapi, maji yanaongezekaje kuelekea chini. Pia anayepima vipande vya ngozi vilivyokatwa hospitalini. Haimfai anayetaka watu 300 kwa wiki mbili.

Infraredi ya kioo cha mguso (ATR)

Inaona nini, kwa kina gani. Ngozi hubanwa juu ya kioo kigumu, nuru ya infraredi ikadunda ndani ya kioo, na mguso mwembamba mno wa nuru hiyo ukatoka nje na kunyonywa. Kwa kioo cha almasi au cha zinki selenaidi kina ni mikromita 2 hivi kwenye 1000 sm⁻¹, 1.2 kwenye 1650, na 0.7 kwenye 2900. Kwa jemaniamu gawanya kwa tatu. Kwa hiyo ukiona karatasi inayodai kupima kolajeni ya mtu mzima mwenye ngozi nzima kwa ATR, jiulize nuru ilipitaje.

Lakini kwa yale mikromita mawili ya juu, hakuna aliye wazi kama huyu. Amaidi ya kwanza na ya pili (1650, 1550) ni refu na safi. Kilele cha CH₂ karibu na 2850 ndicho kipimo bora cha mpangilio wa mafuta ya kinga, yaani ukuta unaozuia maji kupotea: kikikaa 2849 hivi minyororo ya mafuta imepangika na kubanana, kikipanda kuelekea 2853, kinga imelegea. Tofauti ni ndogo, ndiyo maana kilele kisomwe kwa kutafuta kitovu chake kwa hesabu, si kwa jicho.

Melanini. Karibu haihusiki. Mng'ao haupo katika masafa haya, na wingi wa melanini katika gamba la juu hauzidi nguvu keratini. Kwa ngozi nyeusi hii ni faida kubwa ambayo haitajwi vya kutosha.

Hatua. Futa kioo kwa isopropanoli, kikauke, piga usuli, yaani kipimo cha kioo kitupu. Weka mkono kwa shinikizo lile lile kila mara. Rezolusheni (uwezo wa kutenganisha vilele) iwe 4 sm⁻¹, mizunguko ya kipimo 32 hadi 64. Futa tena, piga usuli mpya kwa kila mtu.

Kinachoharibika. Hapa pana mengi, na la kwanza ni mafuta ya kupaka. Kiangazi cha Dodoma karibu kila mtu anatoka nyumbani amejipaka. Mafuta ya mgando ni hidrokaboni tupu: yanatoa 2918, 2850, 1465, 1378 na 720, yaani yanakalia palepale unapopima mpangilio wa mafuta ya ngozi, na hayana kilele chochote cha kabonili (kifungo cha kaboni na oksijeni) cha kukuonya. Mafuta ya alizeti, ya Singida au ya hapahapa, hujitangaza kwa 1745 na kijikilele cha 3008. Ila sebamu, mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi, nayo iko karibu na 1740, kwa hiyo paji la uso lenye mafuta yake na kigasha kilichopakwa alizeti hufanana kwa mbali. Ukifuta kwa tishu kavu, yanabaki. Ukifuta kwa alkoholi, unaondoa na yale ya ngozi uliyokuja kuyapima. Suluhisho la kweli ni kumwomba mtu asipake sehemu ile tangu jana yake, akaelezwa sababu, na kabla ya kupima ukang'oa tabaka mbili tatu kwa selotepu.

Selotepu yenyewe inaweza kuwa sampuli. Banua mara 10 hadi 15 mahali pamoja, kila kipande ukikipima kwenye kioo, unapata mchoro wa kina wa kienyeji wa gamba la juu. Pima kwanza selotepu tupu: gundi ya akriliki ina kabonili kubwa karibu na 1735, na wengi wameandika "mafuta ya ngozi" kumbe ni gundi.

La pili ni maji. Kioo huziba ngozi, jasho hukusanyika, na sekunde ya 50 hailingani na ya 5. Maji yana kilele chake 1640, juu ya amaidi. Kilele chao kingine cha 2100 hivi kingesaidia, ila almasi hunyonya kati ya 1900 na 2300. Anayetaka maji kwa njia hii achukue kioo cha zinki selenaidi, akijua kwamba kinakwaruzika na hakipendi asidi.

La tatu ni udongo. Vumbi letu hutoa ukanda mpana wa silika karibu na 1000 hadi 1030, na udongo wenye kaolini huongeza vijipembe viwili vikali 3620 na 3695. Ukiviona hivyo viwili, mkono haujaoshwa. Usianze kutafuta sukari za ngozi hapo.

Ukavu wa hapa una jema lake: sehemu za ndani za bromidi ya potasiamu, ambazo pwani huliwa na unyevu, huishi zaidi. Kikaushi kibadilishwe hata hivyo masika. Kihisi cha kawaida cha joto la chumba kinatosha; kile cha kupozwa kinadai naitrojeni kimiminika, ileile ya wahimilishaji wa ng'ombe, na kuipata kila wiki ni kazi.

Inamfaa nani. Anayechunguza kinga ya ngozi, ukavu, pumu ya ngozi, au madai ya krimu na mafuta. Pia mwenye selotepu zilizokusanywa Kondoa na kuletwa mjini kwenye bahasha.

Infraredi ya karibu

Inaona nini, kwa kina gani. Nuru ya nanomita 780 hadi 2500 huingia milimita nzima au zaidi kwenye nanomita za chini, na kidogo zaidi ya uso kwenye za juu. Maji yako 970, 1190, 1450 na 1940. Mafuta 1210, 1725, 2310 na 2345. Protini karibu na 2050 na 2180. Vilele ni vipana na vimelaliana, hakuna kinachosomeka kwa jicho. Unapata maji ya ngozi nzima, si ya gamba.

Melanini. Hunyonya kidogo kadiri nanomita zinavyopanda, na kupita 1100 hivi athari yake ni ndogo. Kifaa cha mkononi cha 900 hadi 1700 kinafaa ngozi nyeusi bila masahihisho mazito.

Hatua. Washa taa ya halojeni dakika 20 hadi 30 kabla. Pima giza, pima kigae cheupe, kisha ngozi: sekunde moja au mbili, inua, rudia mara tano. Gusa kwa upole. Ukikandamiza, damu na maji vinakimbia.

Kinachoharibika. Kigae cheupe. Kikipata vumbi jekundu, kila ngozi itakayofuata itaonekana ina kitu cha ziada, na kosa halitajulikana hadi miezi baadaye. Kama ni cha plastiki ile nyeupe ya florini, kisugue kwa msasa wa maji namba 220 hadi 240 chini ya bomba, kwa mizunguko, hadi maji yateleze juu yake kama juu ya jani la myugwa.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye hesabu. Njia hii haisemi chochote bila modeli, yaani hesabu ya kompyuta, iliyofunzwa kwa thamani za kweli. Ukigawa data kwa spektra badala ya kwa mtu, spektra tatu za mtu yuleyule zinafunza na mbili zinajaribu; modeli inamkariri mtu, matokeo yanang'aa, na kijiji kinachofuata yanaanguka. Gawanya kwa mtu, siku zote. Na modeli iliyokuja na mashine kutoka kwa ngozi nyeupe za nchi za baridi iwe ni mwanzo tu. Ifunze upya kwa watu wa hapa, kiangazi na masika.

Inamfaa nani. Mwenye watu wengi, muda mfupi, safari za Kongwa na Chamwino, na mtu wa takwimu anayemjua vizuri.

Nuru ya macho

Inaona nini, kwa kina gani. Kati ya nanomita 400 na 1000 unapata rangi: melanini, kwa mteremko wa 620 hadi 720, na damu, yenye oksijeni kwa vibonde vya 542 na 577, isiyo na oksijeni kwa kimoja karibu na 556. Mafuta na protini hazionekani. Kina hutegemea umbali kati ya uzi wa kioo unaotoa nuru na ule unaoipokea.

Melanini. Ni kitu unachopima na ni ukuta pia. Chini ya 500 nuru kidogo sana hurudi kutoka ngozi nyeusi, na vibonde vya damu huwa vifupi. Somo lipo tayari katika vipima oksijeni vya kidoleni: uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha vilikosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Chombo cha aina hii kisiaminiwe hadi kijaribiwe kwa rangi zote za ngozi utakazokutana nazo.

Hatua ni zilezile za kigae na giza, na kinachoharibika ni mwanga wa dirishani unaopenya pembeni. Kitambaa cheusi juu ya mkono kinatosha.

Inamfaa nani. Mwenye bajeti ndogo anayefuatilia wekundu wa uvimbe, rangi kabla na baada ya jua, au mtiririko wa damu kwa mtu mmoja akilinganishwa na nafsi yake.

Kulingana na hali yako

Tasnifu ya miezi sita, mashine ya infraredi ipo tayari chuoni: ATR na selotepu. Omba kibali cha maadili mapema, anza na kigasha, na weka kipimajoto na kipima unyevu cha hewa mezani. Spektra ya Agosti isiyo na unyevu wa chumba hailinganishwi na ya Februari.

Utafiti wa vijijini wa ukavu wa ngozi: infraredi ya karibu kwa wote, selotepu kwa mtu mmoja kati ya kumi ili ATR ikague modeli.

Kupima kama krimu imepenya: Raman, kwanza kwenye kipande cha ngozi cha maabara, kisha kiganjani, mwisho kigashani.

Kushuku mkorogo: hakuna kati ya hizi itakayokuonyesha zebaki ndani ya ngozi. Kopo la krimu lipelekwe kwenye mashine ya floresensi ya eksirei.

Kliniki ya watu wenye ualbino: melanini ni kidogo au haipo, na Raman ya 785 hufanya kazi kwao vizuri kuliko kwa ndugu zao wenye rangi. Hapo ndipo inapoweza kusaidia kweli kutofautisha vidonda vya jua na saratani inayoanza. Wasichanganywe kundi moja na wengine kwenye modeli yoyote ya nuru ya macho. Na jibu la mwisho ni la patholojia: mahali nuru ilipogusa pachorwe kwa kalamu ya ngozi kabla daktari hajakata, ili kipande kitoke palepale.